Mkeka wa Mama Marta

Mwalimu Kefa aliondoka Tunduma bila kuaga, kama mtu anayekwenda chooni. Watu walidhani anaumwa, kisha wakadhani amefiwa, mpaka dereva mmoja aliyetoka ng'ambo ya mpaka akaleta habari kwamba amemwona Kitwe, amevaa viatu vipya, anafundisha timu ya mgodi. Tunduma ikamlaani siku nzima. Ilipomaliza kumlaani ikaanza shughuli iliyoipenda kuliko mpira wenyewe, nayo ni kubashiri nani atakuja kushika nafasi yake.

Haikuwa timu ya mchezo ile aliyoiacha. Bwana Ratilali, tajiri mwenye malori yaliyokwenda Mbeya upande huu na Broken Hill upande ule, aliwaandika wachezaji wake kazi ya upakiaji na kuwalipa kila wiki, ingawa hakuna aliyepata kuwaona wakibeba hata gunia moja la maharage. Kazi yao ilikuwa mpira. Watu waliiita Timu ya Malori, na kwa sababu yake Tunduma, yenye maduka machache na vumbi lisilokwisha, ilijiona mji mkubwa.

Pa kubashiria palikuwa mahali pamoja tu, kwenye kibanda cha chai cha Sekela. Kilikuwa kibanda cha miti na nyasi pembeni mwa uwanja, mgongo wake umeegemea ua wa miiba wa yadi ya malori, uso wake unatazama goli la upande wa Nakonde. Hapakuwa na njia ya kukifikia ila kuukata uwanja. Palikuwa na mabenchi mawili, sufuria kubwa nyeusi, na Sekela mwenyewe, ambaye wote walimwita Mama Marta, akigawa chai na viazi vya kuchemsha na maneno yake ya kuchokoza. Mumewe Asajile alikuwa golikipa. Lakini kibanda hakikuwa cha golikipa. Sekela aliomba miti mwenyewe, akakata nyasi mwenyewe, na hapo uwanjani, katikati ya kelele za wanaume, alikuwa mtu anayekaa apendapo na kusimama apendapo. Nani atamlaumu kwa kukipenda?

"Mimi nawaambieni ni Raphaeli," alisema Nikodemo, fundi cherehani, Mnyiha wa Ruanda, ile ya Mbozi, ambaye hakuwahi kuwa na shaka juu ya jambo lolote. "Yule mwalimu wa shule kule Mbozi. Mtu anajua kusoma, anajua kuhesabu, mpira utamshindaje?"

"Mpira si hesabu, fundi," alijibu Danford, dereva wa lori. "Raphaeli akiona tope anakunja suruali. Mwalimu ni Efraimu wa Nakonde. Si ndiye aliyetufunga mpaka tukalala bila kula?"

"Efraimu wa ng'ambo! Atatuuza mchana kweupe."

"Ng'ambo ipi? Shangazi yangu yuko huko. Shamba letu la ulezi liko huko. Mpaka ni wa Wazungu, sisi Wanamwanga hatukuulizwa."

"Mchukueni Efraimu," Sekela akadakia, huku akimwaga chai. "Nasikia mkewe ni msemaji. Nami nimechoka kubishana na wanaume, nataka wa saizi yangu."

Wakacheka. Ndivyo siku zilivyopita pale. Mtu mmoja akisema Raphaeli ameonekana akinunua kaptula, basi ni Raphaeli. Kesho mtu mwingine akisema Efraimu amepita dukani kwa tajiri akatoka anatabasamu, basi ni Efraimu. Walipima nyayo, walipima vicheko, walipima hata aina ya gari mtu alilopanda. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na watu wa pale kibandani waliamini kabisa kwamba wakilisema vya kutosha, litakuja.

Lusubilo, mchinjaji, siku ile alikuwa anafyonza mfupa. Yeye alikuwa Mndali kama Sekela na mumewe, na kwa hiyo alimwita Sekela shemeji. Alipomaliza mfupa akautupa.

"Mnahangaika na vifaranga, na jogoo yupo," akasema. "Sajini Boazi wa Undali. Baba yake golikipa wenu. Yule alifundisha timu ya kikosi chake vitani, kule Burma, mpaka Wazungu wakaja kutazama. Mnamsahau mtu kama yule?"

Upawa ukamtoka Sekela mkononi, ukaangukia majivu.

Wanaume hawakuuona. Walikuwa wamegeuka wote kumtazama Lusubilo kama watu walioonyeshwa nyama. Nikodemo akamwacha Raphaeli papo hapo, bila hata kumuaga. Danford akasema kweli, askari ni askari, hata Efraimu atamwogopa. Sekela akaokota upawa, akaupangusa kwa kanga, na kwa mara ya kwanza tangu ajenge kibanda kile hakuwa na neno la kutia.

Angetia neno gani? Kwao Undali mwanamke aliyeolewa hamwoni baba mkwe wake, wala baba mkwe hamwoni yeye. Hawatazamani, hawasemezani, hawapiti njia moja. Jina lake mkwe halitaji, na kumsema, kwa uzuri au kwa ubaya, ni utovu wa adabu. Mzee akikohoa njiani, mwanamke huingia migombani akainama mpaka miguu ipite. Wachungaji walikuwa wamekwisha sema kwamba Mkristo anaweza kuyaacha hayo, na wako walioyaacha. Boazi, mzee wa kanisa, aliacha pombe na akaacha matambiko, lakini hili hakuliacha. Alisema heshima haijamzuia mtu yeyote kuingia mbinguni.

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomuuma Sekela zaidi, maana mbaya ungemchukia ukapumua. Alikuwa akikohoa tangu mbali ili mkwewe apate nafasi ya kujificha. Akichinja, aliagiza mkwe apelekewe maini. Lakini Sekela aliishi kwenye boma lake kama mwizi. Mzee akiketi uani tangu asubuhi kunoa majembe, Sekela alibaki nyumbani mpaka mzee ainuke, maji hakuna, kuni hakuna, haja inambana mpaka machozi yanamtoka. Na siku moja mzee aliketi uani na wageni wa kanisa, wanazungumzia kahawa, na ndani Marta, aliyekuwa bado mchanga, akashikwa na degedege.

Sekela hakuweza kutoka. Hakuweza kupiga kelele, maana sauti yake ingemfikia mzee. Alimkumbatia mtoto akamtazama macho yanavyogeuka meupe, na nje wageni wakicheka, na akasubiri. Alisubiri kwa adabu. Mpaka leo alipokumbuka adabu ile alitamani kujipiga makofi. Wageni walipoinuka akakimbia kwa bibi mjuzi wa dawa, na mtoto akapona, sasa ni binti mkubwa anayekwenda shule. Sekela ndiye hakupona. Hakumwambia mzee, angemwambiaje? Alimwambia mumewe jambo moja tu, kwamba ama wahame au amrudishe kwao. Ndipo wakaja Tunduma.

Jioni ile Asajile aliporudi alimkuta mkewe amekaa kizingitini, hajawasha moto.

"Wanataka kumleta yule wa nyumbani," Sekela akasema.

Asajile alikuwa mtu mrefu, mwepesi kurukia mpira na mzito kurukia maneno. Akaketi. "Tajiri alikwisha nituma nimuulize. Baba akakataa. Alisema ana kahawa yake, magoti yanamuuma, na vita vimekwisha."

"Amekataa kweli?"

"Amekataa. Lakini watu wanamtaka." Akakwaruza ardhi kwa kidole. "Akija, Mama Marta, usiwe na hofu. Utakaa ndani tu. Maji nitakuchotea mimi. Sokoni nitakwenda mimi."

Alisema kwa upendo, na Sekela alijua ni upendo. Alihisi ukuta wa Undali unamjia pale pale Tunduma, na mumewe ndiye anayeleta matofali, anatabasamu.

"Na kibanda?" akauliza.

Asajile akainuka kwenda kuwasha moto.

Tangu siku hiyo chai ya Sekela iliharibika. Mara sukari nyingi, mara hakuna. Amekataa, alijiambia, amekataa, lakini kila lori lililotoka upande wa Mbozi likipunguza mwendo, aligeuka kutazama ua wa miiba. Mzee akija hata kumtembelea mwanawe tu? Akija kununua bati? Angemkuta pale wazi, kichwa wazi, mdomo wazi, na nyuma yake miiba. Hakuna pa kukimbilia. Alizunguka kile kibanda chake kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe, na mwisho akafanya jambo ambalo mwanamke yeyote wa kwao angelifanya. Alichukua mkeka wa matete, akautundika upande wa mbele kati ya jiko na mabenchi, ili lolote likitokea awe na kitu cha kujificha.

Ilikuwa ni hofu tu. Asubuhi yake Lusubilo akaja kunywa chai, akauona mkeka, akasimama.

"Shemeji," akasema taratibu. "Nini hiki?"

"Mkeka."

"Naona ni mkeka. Wa nini?"

"Upepo," Sekela akasema.

Lusubilo akalowesha kidole mate, akakinyanyua juu. "Upepo unatoka upande ule," akasema, akiionyesha yadi. Kisha akatabasamu, akaketi, akaomba chai kwa heshima mpya kabisa, na macho hakumwinulia.

Wengine walipofika, Lusubilo aliwaeleza. Nikodemo hakujua mila za Undali, Danford alizijua nusu, kwa hiyo ilimbidi awafundishe kama darasa. Mkwe hatundiki mkeka bure, alisema. Ukiona mkwe amejitengenezea maficho, ujue mzee amekwisha tuma salamu kwamba yuko njiani. Ndivyo inavyofanywa. Familia inapewa habari kwanza, sisi wengine tutajua baadaye.

"Ndiyo kusema amekubali!" Nikodemo akapiga paja.

"Hakukubali," Sekela akasema nyuma ya mkeka. "Nawaambieni hajakubali."

"Nani hajakubali?" Danford akauliza.

Sekela akafungua mdomo, jina likakataa kutoka. Akasema, "Yule."

"Yule nani, Mama Marta? Mtaje, tusikie."

Wakacheka mpaka benchi likalia. Hawakuwa na nia mbaya, walikuwa wamefurahi. Kwao kukataa kwake kulikuwa hakikisho jingine, kwa kuwa mkwe mwema atasemaje? Atakana. Na jinsi Sekela alivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kuinuka na kwenda kuwaambia wenzao.

Usiku Sekela alifikiri, asubuhi akaung'oa mkeka. Akaukunja, akaukalia. Habari ikakimbia tena mjini: umeshuka! Watu wakaja kutazama pale palipokuwa na mkeka. Lusubilo mwenyewe alitikisika, akasema labda wameshindwana juu ya mshahara. Efraimu akafufuka, na Raphaeli naye akaanza kufufuka. Sekela akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akatia sukari sawasawa.

Mchana lori likasimama, akateremka mzee mwenye kofia ya askari.

Sekela hakusubiri kuona uso. Aliruka sufuria, akajibana kwenye ua, miiba ikamchana bega na shavu, na hapo akabaki ameinama, damu inamtiririka, huku mzee yule akipita na kumuuliza Danford njia ya forodhani. Alikuwa mtu wa Tukuyu, mwuza samaki. Sekela akajinasua. Alijua sasa kwamba hawezi kuishi bila mkeka, na hawezi kuishi nao. Akautundika tena.

"Umepanda!" akapiga kelele mtu kutoka katikati ya uwanja.

"Mshahara umekubaliwa," akasema Lusubilo.

Basi, hapo mjadala ulikwisha. Tunduma nzima iliacha kubashiri ikaanza kutunga nyimbo. Wachezaji walikimbia kwa bidii kama watu wanaotazamwa. Mwanamke mmoja wa sokoni alimletea Sekela mayai, akampongeza kwa kupata baba mkwe mkubwa. Asajile alipowaambia wenzake kwamba baba yake alikataa, walimkonyeza, wakamwita msiri. Alirudi nyumbani amechanganyikiwa, akamuuliza mkewe kama baba amemtumia yeye neno lolote ambalo hakumwambia mumewe. Mume mwenyewe! Sekela alimtazama, akaona kwamba hata huyu ameanza kuusoma ule mkeka.

"Hakuna neno," akasema. "Niliogopa, basi. Niliogopa."

"Ungeushusha," Asajile akasema.

"Niliushusha." Akamwonyesha shavu.

Bwana Ratilali hakuwa mtu wa kukaa kibandani, lakini nyimbo zilimfikia dukani. Tajiri yeyote husikia mlio wa watu wanaotaka kununua tikiti. Alimpakia mtu wake kwenye lori, akamtuma Undali na ujumbe kwamba mji mzima unamngoja Sajini, nyimbo zimetungwa, na nyumbani kwa mwanawe wamekwisha mwandalia. Sekela alisikia habari ya lori hilo kutoka kwa Danford mwenyewe, ambaye ndiye angeliendesha, alipokuja kuomba viazi vya njiani. Alimfungia viazi. Alitaka kumwambia usiende, akaona atacheka, akamwongezea chumvi.

Mzee alifika siku ya mazoezi.

Lori lilisikika tangu mbali kwa honi. Watu wakafurika uwanjani, wengine wamepanda juu ya malori yaliyokuwa yadini, na kabla Sekela hajapata akili ya kuukata uwanja na kwenda nyumbani, uwanja ulikuwa umejaa na mzee yuko katikati yake. Sekela akaingia nyuma ya mkeka, akachutama kando ya jiko, akajifunika kanga mpaka macho. Alisikia wimbo. Alisikia kikohozi kile, kirefu, cha kupisha mkwe, na mwili wake ukajikunja wenyewe kama zamani.

Kisha wakamleta kuketi. Wapi kwingine? Uwanja mzima mabenchi yalikuwa yale mawili tu. Alikaa ameupa mkeka mgongo, karibu kiasi kwamba Sekela aliona matete yanatikisika mzee anapopumua. Upande mmoja Bwana Ratilali, upande mwingine Asajile, na mashabiki wamesimama nusu duara. Lusubilo akaingiza mkono chini ya mkeka akaomba chai kwa kunong'ona. Sekela akapitisha vikombe chini chini, kimoja kimoja. Kuni zilikuwa mbichi. Moshi ulikosa pa kutokea ukamrudia usoni.

Tajiri alisema machache ya kumkaribisha. Halafu mzee akasema, na ijapokuwa uwanja mzima ulisikiliza, Sekela alijua maneno yale anaambiwa yeye, kama wakwe wanavyoambiana, kwa kumwambia mtu mwingine.

"Asajile," akasema mzee. "Mimi nilikataa. Wewe unajua. Nina kahawa yangu inaiva, na miguu hii haitaki filimbi. Tajiri alipotuma mtu mara ya pili nikataka kukataa tena. Nikaambiwa mkwe wangu ametundika mkeka uwanjani, ananitazamia. Nikakaa kimya siku nzima. Nilidhani mtoto huyu alihama kwangu kwa kunichoka. Kumbe ananiheshimu hivi? Kwa heshima hii nitarudi nyuma vipi? Ndiyo nimekuja."

Watu wakaguna kwa kuguswa. Nikodemo, mtu mzima, akafuta machozi.

Nyuma ya mkeka Sekela aliuma kanga. Sentensi moja tu ilitosha. Baba, nilitundika kwa kukuogopa, rudi kwenye kahawa yako. Sentensi fupi, ya kumfungua mzee na kumfungua yeye, na kati ya mdomo wake na sikio la mzee palikuwa na matete tu, na hakuweza kuisema. Mtu yeyote pale angeweza kumwambia mzee lolote. Yeye pekee ndiye aliyejua la kumwambia, na yeye pekee ndiye aliyekatazwa. Moshi ukamshinda. Akakohoa.

Mzee akasimama kama aliyechomwa.

"Huyo yuko motoni, kwenye moshi, kwa ajili yangu?"

"Yuko, baba," Asajile akasema.

"Si vizuri. Si vizuri kabisa." Sauti ilikuwa ya huruma, na huruma ya sajini ni amri. "Nitakuwa hapa kila siku. Mtoto wa watu atajikunja hivi kila siku? Bwana tajiri, mpatie mahali pengine, mbali na uwanja, akae kwa raha yake. Leo hii. Mimi sitapiga filimbi mpaka atoke kwenye moshi huu."

Bwana Ratilali akasema iko nafasi nyuma ya machinjio, bure. Watu wakapiga makofi. Walishangilia wema wa mzee, walishangilia ukarimu wa tajiri, na hakuna aliyejiuliza mteja gani atakunywa chai nyuma ya machinjio. Walewale waliokunywa kwake miaka yote wakafungua kamba za mkeka kwa uangalifu mkubwa. Nikodemo akashika ncha moja, Lusubilo nyingine, wakauzungusha ukawa duara, Sekela yumo ndani.

"Tunakukinga, shemeji," Lusubilo akanong'ona kwa fahari. "Hakuoni hata unyayo. Twende pole pole."

Danford akabeba sufuria. Asajile akabeba benchi moja begani, jingine akamwachia mzee. Wengine wakang'oa miti ya kibanda, iliyotoka ardhini kirahisi kuliko alivyodhani aliyeichimbia. Msafara ukaanza kuukata uwanja, kwa kuwa njia nyingine haikuwapo, na watu wakafungua njia wakiimba wimbo wa Sajini. Sekela aliona matete pande zote, juu kipande cha mbingu, chini miguu yake mwenyewe juu ya nyasi zilizokanyagwa. Alitembea. Wakienda kasi alikwenda kasi, wakipunguza alipunguza. Alifikiria Marta akigeuza macho, na wageni wanacheka uani. Hasira ikampanda, hasira ya aibu, kwamba hata sasa anatembea kwa adabu.

Katikati ya uwanja akasimama. Mkeka ukamgonga kifuani, Nikodemo akajikwaa.

"Baba!" Sekela akaita.

Wimbo ukakatika. Lusubilo aliachama, akamtazama kama mtu aliyeona maiti inaketi. Kwao hilo lilikuwa kosa la kulipiwa ng'ombe.

"Baba, mkeka huu sikuutundika kwa kukutazamia. Nilikuogopa. Nilikuwa naomba usije. Rudi nyumbani, baba. Hata wewe hutaki."

Kutoka juu ya lori mtu mmoja aliteremka polepole ili asiwepo. Sekela alingoja ndani ya matete, na alitambua kwamba hajuti, na pia kwamba hajui kitakachofuata. Alidhani mzee atafunika uso aondoke. Alidhani ataambiwa na mumewe afunge mizigo. Kisha sauti ikamjia kutoka benchi lile la peke yake lililoachwa kwa ajili ya mgeni, wala haikumpitia Asajile wala mtu mwingine. Ilikuja kwake moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, ya chini, ya mzee aliyechoka.

"Siwezi, mwanangu," akasema. "Wamekwisha niimbia."

Sekela akangoja kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Mtu mmoja akaanza tena wimbo kwa woga, kwa sababu kimya kilikuwa kimemzidi, na wengine wakamfuata mpaka ukajaa uwanja wote, mkubwa kuliko mwanzo. Nyuma yake filimbi ikalia, wachezaji wakaanza kukimbia. Lusubilo akauvuta mkeka kidogo, bila kusema, na mkeka ukaanza kwenda, naye Sekela akaenda nao mpaka nyuma ya machinjio, ambako nzi walikuwa wengi na uwanja hauonekani.